Siku moja maishani mwangu: fundi wa matangi ya samaki, Kisumu

Saa 11 na nusu alfajiri

Kazi yangu huanza kabla jua halijatoka, kwa sababu tangi lenye shida hujitaja alfajiri. Mimea ya majini hutengeneza oksijeni mchana tu. Usiku yenyewe inavuta ileile wanayoitegemea samaki, na tangi likijazwa samaki kupita kiasi utawakuta wamepanda juu, midomo iko kwenye uso wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka. Ukija saa 4 taa zikiwa zimewaka, utaapa kwamba hakuna neno.

Basi nachukua tochi, napita tangi moja baada ya jingine kwenye chumba cha nyuma hapa kwangu Nyalenda. Naangalia nani amekunja mapezi, nani anajisugua kwenye mawe, nani amejitenga kona. Kwenye tangi la karantini huwa nakaa zaidi. Samaki mgeni haingii kwa wenzake hapa mpaka amalize wiki 4 peke yake, hata awe mzuri vipi na hata mteja awe na haraka vipi.

Leo kuna habari njema kwenye tangi la fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Jike mmoja kidevu kimevimba, na taya linachezacheza ilhali hali chochote. Anageuza mayai mdomoni. Fulu hulea hivyo: mama anabeba mayai, kisha vifaranga, muda wa wiki 2 hadi 3, na kwa siku hizo zote karibu hali kitu. Dume naye hana subira, anamfukuza kila akimwona. Ndiyo maana humo nimeweka dume mmoja, majike kadhaa, na vyungu vilivyovunjika vya kujifichia. Dume wawili kwenye tangi dogo, mmoja atauawa. Namwachia mama chungu chake, nasogea.

Chakula ni kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika 2. Kinachobaki chini huoza na kugeuka amonia, sumu kwa samaki.

Saa 1 asubuhi

Maji. Nina mapipa ya bluu uani, kila moja na pampu yake ya hewa. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini hiyo ndiyo inayotukinga na kipindupindu mji huu, sina ugomvi nayo. Ila inachoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wazuri wa kwenye filta, wale wanaoondoa amonia. Nikiyaacha siku nzima yakitibuliwa na hewa, klorini inatoka. Kwa wateja wasio na nafasi ya pipa nabeba dawa ya kuondoa klorini, ile ya thiosalfeti, matone kulingana na lita.

Napakia ndoo, mpira wa kunyonyea uchafu, vichupa vya kupimia maji na kipimajoto. Tuktuk ya jirani inanijua.

Saa 2 na nusu

Nyumba ya kwanza iko Milimani. Tangi ni zuri kwelikweli, sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Ukizidisha na kugawa kwa 1,000 unapata lita 182, ukitoa mawe na ile nafasi ya juu labda 160. Ndani kuna samaki wa dhahabu wanne, gapi wachache, na oska mmoja mwenye urefu wa kidole.

"Fundi, hawa wadogo wanaisha," mama mwenye nyumba ananiambia kabla sijaweka ndoo chini. "Na maiti sioni. Nimemwambia msichana wa kazi aangalie hata nyuma ya tangi, pengine wanaruka."

"Hawaruki, mama. Unamwona huyu mwenye doa la rangi ya machungwa mkiani? Ndiye anayewala."

Haamini, kwa sababu oska bado mdogo na ana uso wa upole. Lakini oska ametoka mito ya Amerika Kusini, anakua mpaka sentimita 30, na kila kinachoingia mdomoni kwake ni chakula. Mwaka ujao atakuwa anawatazama hao wa dhahabu kwa jicho lilelile.

Nataka niseme hapa jambo linaloniuma katika kazi hii. Watu wananunua samaki kwa rangi. Wanasimama dukani, wanaonyesha kidole, huyu mwekundu, huyu wa milia, na muuzaji anatia wote kwenye mfuko mmoja. Hakuna aliyeuliza huyu akikomaa atakuwa na ukubwa gani, kwao maji yakoje, anaishi peke yake au kwa kundi. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, anafurahia maji ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 22. Kisumu, ndani ya nyumba, bila hita yoyote, kipimajoto changu kinasoma 26. Ataishi, ndiyo, lakini anakula sana, anachafua sana, na oksijeni ya maji moto ni haba. Oska anataka joto hilohilo la 26, ila anataka tangi la lita 300 lake mwenyewe. Gapi anataka tu asiliwe. Ukiwaweka watatu hawa pamoja, hakuna maji utakayoweka yatakayowafaa wote, na hakuna fundi wa kurekebisha hilo kwa dawa.

Napima. Amonia ipo kidogo, na katika tangi linalokaliwa inatakiwa iwe sifuri. Nitriti, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia, ni sifuri. Nitrati, hatua ya mwisho, imepanda hadi miligramu 80 kwa lita, mimi napenda ibaki chini ya 40. Nanyonya uchafu kwenye kokoto polepole, mpira ukizama mpaka chini, wingu la kahawia linapanda kwenye ndoo, na mama anashika mdomo. Natoa robo ya maji, narudisha mengine yenye joto lile lile. Sponji ya filta naisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi; ukiisuuza kwenye mfereji umewaua bakteria wote waliokuwa wakikufanyia kazi.

"Sasa nimtoe nani?" ananiuliza.

Namwambia afikiri mpaka jioni: anampenda nani zaidi? Tangi litajengwa kumzunguka huyo.

Saa 5

Mwalimu mstaafu, mtaa wa Tom Mboya. Ana tangi la lita 60, moli na gapi, na anaandika kila kitu kwenye daftari. Jana alinitumia picha, lakini picha haikuhitajika, maelezo yake yalitosha: "Wamenyunyiziwa chumvi."

Namulika kwa pembeni. Moli mweusi ndiye anayeonyesha vizuri zaidi, vidoa vyeupe kwenye pezi la mkia, kila kimoja kimesimama peke yake na kimetuna kidogo. Doa lile ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, kinakula. Kikishiba kinadondoka, kinajifunika chini kwenye kokoto, kinagawanyika na kuwa mamia, na hao wadogo wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Wasipompata kwa muda wa siku 2 hivi wanakufa. Dawa inaua hao waogeleaji tu. Aliye chini ya ngozi humfikii, wala aliyejifunika.

Kwa hiyo tunakimbiza mzunguko. Tunapandisha joto kidogo kidogo mpaka 29 au 30, ili kimelea kimalize hatua zake upesi na kitoke kwenye maficho. Tunatia chumvi, gramu 2 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi na kumiminwa kwa awamu. Moli na gapi wanaivumilia chumvi bila shida. Angekuwa na wale samaki wasio na magamba wanaotambaa chini ningekwenda kwa njia nyingine. Na hewa tunaifungulia zaidi, maana joto limepanda.

"Madoa yakiisha kesho kutwa nisimamishe?"

"Mwalimu, hapana. Madoa yakiisha wao wako kokotoni wanajiandaa. Endelea siku 10 zaidi."

Anaandika 10, anapigia mstari. Wateja wote wangekuwa hivi, ningelala mapema.

Saa 7 mchana

Chakula Dunga, ufuoni. Wenye vibanda wanakaanga mbuta (sangara) na tilapia, na pembeni mama mmoja ametandika fulu waliokaushwa juani, fungu fungu.

Wateja wangu wengi hawajui kwamba fulu hufugwa pia na wafugaji wa matangi Ulaya na Marekani. Ziwa letu lilikuwa na aina takriban 500 za hawa, karibu zote hazipatikani kokote kwingine duniani. Mbuta alipandwa katika miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu zikapotea; maji kuchafuka na kuwa na ukungu kukazidi kuwamaliza, kwa sababu majike huchagua dume kwa rangi, na kwenye maji ya ukungu rangi haionekani. Yupo mmoja wa upande wa Mwanza, mwekundu mgongoni, milia myeusi ubavuni, aliyepewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Yupo mwingine anayevunja konokono kwa mifupa ya kooni, aliyewahi kupandwa kwenye mabwawa ya Kenya ili apunguze konokono wanaoeneza kichocho.

Mtu wa Kisumu analipa pesa nyingi kwa samaki wa Amazon, na hawa wa nyumbani kwake, ambao joto letu na maji yetu ndiyo waliyozaliwa nayo, anawajua kwenye sufuria pekee. Natamani kila shule ya kando ya ziwa iwe na tangi moja la fulu. Watoto wamwone mama akifungua mdomo na vifaranga wakitoka.

Saa 9

Simu kutoka Nakuru. Kijana ana maji ya kisima, pH (kipimo cha asidi na alkali) 8.4, yaani ya alkali, na neoni tetra wake wanakufa. Ameshamimina dawa za kushusha pH, inashuka, asubuhi imerudi palepale. Kupanda na kushuka huko kunaua kuliko pH yenyewe. Tena pH ikiwa juu, sehemu kubwa ya amonia inakuwa ile yenye sumu, kwa hiyo amonia kidogo ambayo kwa mwalimu wangu ingesumbua tu, kwake inaua.

Namshauri aachane na tetra, samaki wa maji laini, yenye madini kidogo, ya Amazon, afuge mbuna wa Ziwa Malawi, ambao kwao pH ya 8 na zaidi ni ya kawaida. Mawe mengi, dume wachache. Amefurahi, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuanza na maji aliyonayo kisha achague samaki.

Saa 10

Mvua ya Kisumu, na umeme umekwenda. Nakimbia nyumbani kuwasha pampu za betri. Wateja nawatumia ujumbe uleule: msiwape chakula, tikiseni maji kwa kikombe kila baada ya muda, na kama filta yenu ni ya kufungwa na imekaa saa nyingi bila umeme, mwageni maji yaliyo ndani kabla ya kuiwasha, maana bakteria waliokosa hewa wameoza humo.

Saa 1 usiku

Umeme umerudi. Binti wa chuo amekuja kuchukua tangi alilolipia, na anataka kuondoka na samaki. Nimemkatalia. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kuwakuza huchukua wiki 4 hadi 6. Nimemkatia kipande cha sponji kutoka filta yangu kuukuu akaanzie nacho, nikamfundisha kudondoshea amonia kidogo na kupima. Siku amonia na nitriti zote mbili zitakaposoma sifuri saa 24 baada ya kudondoshea, arudi: gapi dume 2, majike 5. Ameondoka amenuna kidogo, sponji mkononi ndani ya mfuko wa maji.

Saa 3 usiku

Ujumbe kutoka Milimani: "Fundi, tumeamua oska abaki. Wengine nimpe nani? Mume wangu anasema tuwaachilie ziwani."

Nimempigia palepale. Ziwani hapana, hata mmoja. Gugu maji nalo lilianza kama ua la kupendeza. Gapi nitawachukua mimi, wapite karantini. Samaki wa dhahabu kuna mtu wa Kericho mwenye bwawa dogo uani, kule kwenye baridi, anawataka wote wanne. Jumamosi naenda na mifuko.