Ubuntu iligoma kusasisha, kumbe ni DNS

Siku mbili nzima, kila nikiandika sudo apt update, amri ya kutafuta masasisho kwenye mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, naambulia "Temporary failure resolving". Nikalaumu bando, nikazima na kuwasha ruta, wapi! Kilichonizindua ni ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu. Ping 8.8.8.8, anwani ya namba ya Google, ilijibu vizuri, ila ping archive.ubuntu.com ikagoma. Yaani njia ipo, majina ndiyo hayatambuliki: tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linaloiambia kompyuta iulize DNS ipi. Humo mstari mmoja tu, nameserver 10.8.0.1, masalia ya programu ya VPN niliyoifuta wiki iliyopita. Imehama bila kufagia!

Nikarudisha kiungo cha asili, kinachoelekeza faili hilo kwenye lile la mfumo wenyewe:

sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Kisha nikaiwasha upya huduma ya DNS ya Ubuntu: sudo systemctl restart systemd-resolved. Nikajaribu apt tena, mistari ikaanza kuteremka. Vifurushi 64 vya programu vilikuwa vinanisubiri, na bando ndiyo lilikuwa linakata.