Kabla ya kuomba ndege mpya, hesabu walio nyuma yako

Shirika likitangaza kwamba linaleta ndege mpya, kuzistaafisha za zamani na kufungua kituo kingine, kila rubani hukimbilia namba yake ya ukongwe, yaani nafasi yake kwenye orodha ya waliotangulia kuajiriwa, na kuhesabu waliomtangulia. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila ni nusu ya kazi. Fleti, yaani jumla ya ndege za shirika, inapobadilika, kinachokulinda zaidi ni idadi ya walio nyuma yako katika kundi lako, yaani kituo kimoja, aina moja ya ndege na kiti kimoja (cha kapteni au cha rubani msaidizi).

Chukua mfano. Kundi la makapteni wa A320 katika kituo fulani lina watu 200, na shirika huweka asilimia 20 kwenye akiba, yaani hawana ratiba bali husubiri kuitwa. Hao ni 40, kwa hiyo ratiba kamili zipo 160. Wewe ni wa 150, una ratiba na una siku unazozijua mapema. Sasa shirika linapunguza nafasi 30 kituoni hapo. Wanaoondoka ni wa chini kabisa, wewe hukuguswa na namba yako imebaki ileile 150. Lakini kundi sasa ni la watu 170, akiba ni 34, ratiba ni 136. Umeingia akiba bila mtu yeyote kukupita. Wengi hawaoni jambo hili linakuja kwa sababu barua ya shirika inataja wanaohamishwa tu, haiwataji wanaoachwa mkiani.

Basi swali la kwanza kabla ya kuomba nafasi si kama unaipata. Swali ni utakuwa wa ngapi kati ya wangapi, na kundi likipungua kwa asilimia 15 utaangukia wapi. Fanya hesabu hizo mbili kwa kila nafasi unayoifikiria. Nafasi unayoipata ukiwa wa mwisho kabisa haina kinga: atakayeondolewa wa kwanza ni wewe.

Si kila shirika lina maswali haya yote. Emirates na Qatar Airways huendesha kazi zao kutoka kitovu kimoja, kwa hiyo suala la kituo halipo, linabaki la ndege. Ryanair, yenye vituo vingi Ulaya na fleti ambayo karibu yote ni Boeing 737, ni kinyume chake: unachagua mji, ndege ni ileile. Ugumu wenyewe uko kwenye mashirika yenye vituo vingi, ndege za aina nyingi na orodha moja ya ukongwe, kama mashirika makubwa ya Marekani.

Tangazo la oda si ndege

Usihamishe familia kwa sababu ya tangazo la oda. Boeing 777-9 iliahidiwa kwa wateja mwaka 2020, na tarehe ya kukabidhi ya kwanza imesogezwa mpaka 2027. Boeing 737 MAX 10 ilizinduliwa mwaka 2017 ikitarajiwa kuanza kazi 2020, na miaka mitano baadaye ilikuwa bado inasubiri cheti. Rubani aliyehamia kituo fulani ili awe wa mbele ndege hizo zikifika, amekaa miaka mkiani kwa kundi ambalo halikukua.

Dalili za kuaminika ni za chini kuliko matangazo. Je, simyuleta (mashine ya mafunzo inayoiga ndege) imenunuliwa au muda wake umekodiwa? Je, wakufunzi na watahini wa aina hiyo wameshateuliwa? Tangazo la ndani la nafasi limetoa tarehe ya kuanza mafunzo, au limesema tu kwamba nafasi zitajazwa baadaye? Shirika halilipi wakufunzi kwa ajili ya ndege ambayo halitarajii kuipokea.

Kwa ndege zinazoondoka, tazama ukodishaji na karakana. Ndege ya kukodi ina tarehe ya kurudishwa, na mara nyingi tarehe hizo zimo kwenye ripoti ya mwaka ya shirika kama hisa zake zinauzwa sokoni. Ndege ya shirika lenyewe huondoka pale ukaguzi mkubwa unapokaribia. Kwenye familia ya A320 ukaguzi mzito wa mwili umezoeleka kufanywa kwenye mwaka wa 6 na wa 12, na ukikutana na injini zinazodai matengenezo makubwa, wahasibu huanza kuuliza kama ndege hiyo inastahili gharama hizo. Ukisikia kwamba injini zinahamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine ili kumalizia saa zilizobaki, fleti hiyo inaelekea jangwani, kwenye maegesho ya ndege zilizostaafishwa.

Injini zinastahili kuangaliwa peke yake. A320neo (toleo jipya la A320) mbili zilizosimama pamoja zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa: moja ina injini za CFM LEAP, nyingine Pratt & Whitney PW1100G. Mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba unga wa chuma uliotumika kutengeneza baadhi ya diski za PW1100G ulikuwa na kasoro, mamia ya ndege duniani yalilazimika kusimama zikingoja injini zikaguliwe. Kwenye karatasi fleti ilikuwa inakua, kwenye maegesho ilikuwa inapungua, na ratiba za marubani zilifuata maegesho. Waliokuwa kwenye Boeing 787 zenye Trent 1000 walishaonja hali hiyo miaka michache kabla.

Halafu kuna kifo cha ghafla. Mwaka 2020 American Airlines iliziondoa Boeing 757, 767 na Embraer 190, Delta ikaziondoa MD-88, MD-90 na 777, na British Airways ikazistaafisha 747 zake zote. Nyingi kati ya zilizoondoka zilikuwa zenye idadi ndogo, umri mkubwa au zinazokula mafuta mengi. Fleti ndogo ya ndege 18 inapendeza kwa rubani kwa sababu watu wanafahamiana na safari ni za pekee, lakini ndiyo rahisi kukatwa kwa saini moja. Fleti ya ndege 300 hukatwa kidogokidogo, na una muda wa kusogea.

Idhini moja, maisha mawili

Idhini ya aina ya ndege, yaani kibali cha kurusha aina fulani, hupunguza au huongeza hatari yako kimyakimya. A319, A320 na A321 ni idhini moja, ya zamani na neo, kwa hiyo shirika likibadilisha A319 zote kuwa A321neo wewe unapitia mafunzo ya tofauti tu na unabaki kwenye kundi lako. Ndivyo pia kutoka 737 za NG (kizazi kilichotangulia) kwenda MAX. Boeing 757 na 767 ni pamoja, 777 na 787 ni pamoja, A330 na A350 ni pamoja. A220 iko peke yake, na Embraer nazo zina idhini yao.

Ila usichanganye idhini ya mamlaka na utaratibu wa shirika. Mamlaka ikikubali kwamba 777 na 787 ni idhini moja, shirika bado linaweza kuzigawa kuwa makundi mawili yenye malipo, vituo na orodha tofauti. Soma mkataba.

Kwenye ndege pana, zile kubwa za safari ndefu, kuna tatizo lingine ambalo wanaotoka kwenye ndege ndogo hawalifikirii, nalo ni kutua. Sheria ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) na ya EASA (ya Umoja wa Ulaya) zote zinadai kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Piga hesabu ya safari ndefu yenye marubani wanne: kwenda na kurudi ni kutua mara mbili. Ukifanya safari tatu kwa mwezi ni kutua mara sita kwa watu wanne, wastani wa mara moja na nusu kwa mwezi, nne na nusu kwa siku 90. Huyo ni mwenye ratiba kamili, na hata hapo ni kama zamu zinagawanywa sawa. Aliye kwenye akiba, au anayepangwa kama rubani wa kupokezana tu, hupelekwa kwenye simyuleta ili idhini yake isilale. Kwa mtu anayependa kurusha kwa mkono, hili si jambo dogo.

Gharama ya kubadilisha ndege

Mafunzo ya ndege mpya huchukua wiki kadhaa za darasani na simyuleta, kisha safari za abiria chini ya mkufunzi. Malipo ya kipindi hicho mara nyingi ni kiwango cha chini cha mkataba, kwa hiyo saa za ziada ulizozoea hazipo. Baadaye mikataba mingi hukufunga kwenye nafasi hiyo, kwa kawaida mwaka mmoja mpaka miwili, kabla ya kuruhusiwa kuomba nyingine kwa hiari. Kufungwa huko kunakuzuia wewe, hakulizuii shirika kukuondoa.

Chini ya sheria za FAA kuna mtego wa saa. Ukimaliza mafunzo unatakiwa kufikisha saa 100 kwenye aina hiyo ndani ya siku 120. Ukitoka mafunzoni mwanzoni mwa msimu wa abiria wachache, ukiwa akiba, kwenye fleti ambayo ndege zake zimesimama zikingoja injini, saa hizo hazipatikani. Kapteni mpya naye, mpaka afikishe saa 100 za ukapteni kwenye aina hiyo, huongezewa viwango vya kutua: futi 100 juu ya kimo cha uamuzi (kimo ambapo rubani huamua kutua au kupaa tena) na nusu maili ya mwonekano. Na kama wewe na mwenzako wote hamjafikisha saa 75 kwenye aina hiyo, hamruhusiwi kupangwa pamoja. Mpanga zamu anapokosa namna ya kukuweka, unabaki nyumbani na saa haziongezeki. Ukiweza kuchagua tarehe ya darasa, chagua itakayokutoa wiki chache kabla ya msimu wa wasafiri wengi.

Angalia pia tofauti kati ya siku ya kupewa nafasi na siku ya kuanza kulipwa kwa nafasi hiyo. Foleni ya simyuleta ikiwa ndefu unaweza kukaa miezi na cheo kipya kwa jina tu. Mikataba mizuri hukulipa kiwango kipya kuanzia tarehe iliyoahidiwa au tangu mtu mwenye namba ya chini yako alipopelekwa mafunzoni kabla yako.

Foleni hiyo ina sababu. Kapteni mmoja wa 777 akistaafu, nafasi yake inachukuliwa na kapteni wa A320, ya huyo inachukuliwa na rubani msaidizi wa 777, ya huyo na rubani msaidizi wa A320, na ya mwisho na mwajiriwa mpya. Mtu mmoja ameondoka, mafunzo manne yamehitajika. Kwa kuwa kikomo cha umri kwenye safari za kimataifa za marubani wawili au zaidi ni miaka 65, tarehe za kustaafu zinajulikana: pitia orodha, weka alama kwa kila aliye mbele yako kwenye kundi unalolitaka, na uone wangapi wanaondoka ndani ya miaka mitatu. Hii ni moja ya namba chache ambazo hazitegemei Boeing wala Airbus.

Kiti cha kushoto mkiani, au cha kulia mbele

Tuseme kapteni wa ndege ndogo, mwenye kiti cha kushoto, hulipwa vitengo 100 kwa saa na rubani msaidizi wa ndege pana, mwenye kiti cha kulia, 80. Kapteni mkiani ana dhamana ya kulipwa saa 75 kwenye akiba, sawa na 7,500, kwa siku 18 za kuwajibika. Msaidizi wa mbele anarusha saa 85, anapata 6,800 kwa siku 12. Kapteni amepata zaidi kwa mwezi, lakini kwa siku ni takriban 417 dhidi ya 567. Namba hizi ni za mfano, weka za mkataba wako, ila usilinganishe malipo ya saa bila kuhesabu siku.

Upo wakati ningechagua kiti cha kushoto hata hivyo. Kama shirika lenyewe linayumba, saa za ukapteni ndizo utakazoondoka nazo, na ukongwe hauhamishiki kwenda shirika lingine.

Kwa anayeishi mbali na kituo, akiba inabadilisha kila kitu. Akiba ya kuitwa na kuripoti ndani ya saa mbili inakulazimisha kukaa karibu na uwanja siku zote za zamu. Ya saa 12 au zaidi inawezekana kufanyika kutoka nyumbani, ilimradi kuna safari zaidi ya moja yenye viti. Mwongozo wa EASA unashauri kutafuta malazi karibu na kituo kama safari kutoka nyumbani kwa kawaida inazidi dakika 90. Safari nne fupi kwa mwezi zinazoanza alfajiri na kuisha usiku zinaweza kukudai malazi ya usiku nane ambayo hakuna anayekulipa. Tazama saa za kuanza na kumaliza za kituo hicho kwenye ratiba za miezi iliyopita, msimu wa juu na wa chini, kabla ya kutazama aina ya ndege.

Mimi hukipa alama nyingi kituo chenye aina mbili au tatu za ndege. Moja ikifa unahamia nyingine bila kuhama nyumba. Kituo chenye aina moja, kikiwa kidogo, kinategemea aina hiyo na njia chache zake.

Siku ya kuondolewa ikifika, wenye ukongwe walioguswa huchagua popote namba zao zinapofika, nao huwasukuma wengine, na wale huwasukuma wengine tena. Makosa makubwa ya siku hiyo yako kwenye fomu ya mapendeleo ya kudumu, ambako rubani huorodhesha nafasi anazozitaka. Mtu ameandika chaguo moja, halikuwezekana, shirika likampangia. Mwingine aliomba 787 miaka miwili nyuma akasahau kufuta, leo anapelekwa akawe wa mwisho kwenye kituo asichokitaka, na amefungwa. Jaza fomu mpaka mwisho, ukiweka hata nafasi usizozipenda kwa mpangilio wa unavyozichukia. Kama mfumo unaruhusu masharti, andika kwamba unaitaka nafasi iwapo tu utakuwa ndani ya asilimia 70 ya juu. Hakikisha pia kama una haki ya kurudishwa kwenye nafasi yako ya zamani ikifunguka, inadumu muda gani, na kama inafutika ukikubali nafasi nyingine kwa hiari. Fomu huwa na saa ya kufungwa, na mara nyingi ni saa ya makao makuu ya shirika, si ya mahali ulipolala na ndege.