Nilivyokipata kile kisanduku cha jibu cha Google kwa miche yangu ya zabibu

Jana asubuhi kanipigia mzee mmoja yuko Bahi, nimemwamkia hata hajamaliza kuitikia anasema mwanangu, Google imeniambia Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupruni, sasa nataka miche mia mbili. (Kupruni ni kule kukatia matawi.) Nikanyamaza kidogo kwenye simu maana hayo maneno ni yangu! Nimeyaandika mimi, kwenye daftari la kaunta, nimekaa chini ya kivuli shambani kwa baba mdogo Mpunguzi. Nilijisikia vizuri sana, nikasema leo naandika yote nilivyofanya kwa sababu nilipoteza karibu mwaka mzima na hela kwa kusikiliza ushauri mbovu na sitaki mwenzangu apitie huko.

Mimi nauza miche ya zabibu, naishi Nkuhungu, shamba mama la vipando, yaani vijiti vya mzabibu tunavyootesha miche, ni la baba mdogo. Websaiti niliifungua mwishoni mwa 2023 kwa sababu wateja wa Dar na Morogoro walikuwa wananiuliza maswali yale yale kwenye simu mpaka sauti inakauka. Nikasema niandike majibu sehemu moja.

Sasa kile kisanduku, kama hujakiangalia vizuri, ni hivi: ukisachi swali, juu kabisa kabla ya linki zingine unakuta kipande cha maandishi kinajibu moja kwa moja, chini yake jina la ukurasa kilikotoka. Google imekuwa ikiweka hivyo tangu 2014. Hakuna fomu ya kuomba, hakuna hela unalipa, mashine yenyewe inachagua ukurasa wa mtu inakata kipande inakipandisha juu. Mtu akikuambia "nilipe nikuweke pale" mkimbie, hiyo nasema mapema.

Nilikitaka kile kisanduku kwa sababu moja iliyonichoma. Ukisachi wakati ule zabibu inachukua muda gani kuzaa, jibu la juu lilikuwa linasema miaka 3. Miaka mitatu! Ile ilikuwa makala imetafsiriwa kutoka nchi za baridi, huko mzabibu unalala majira ya baridi, unaamka, wanavuna mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu haulali. Kuna kijana wa Hombolo aliacha kupanda kwa sababu ya lile jibu, akasema mimi sina miaka mitatu ya kusubiri. Iliniuma kweli, zabibu ndio zao la Dodoma halafu mtu wa Dodoma anajibiwa kwa habari za kwenye theluji.

Basi nikatafuta fundi. Nilimlipa kama laki mbili na kitu, ukijumlisha bando na nauli za kumfuata mjini ni zaidi. Aliniambia mambo manne. La kwanza nirudie neno zabibu kila mstari. La pili kila ukurasa uwe mrefu, maneno elfu tatu, uanze na historia ya zao. La tatu akaniwekea skima ya maswali na majibu nyuma ya ukurasa, yaani kodi ambazo msomaji hazioni, zinaiambia Google hili ni swali na hili ni jibu, akaniapia kwamba hiyo ndio itanipandisha. La nne akasema atanikinga na wezi wa makala, hilo la nne ntalirudia kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Kuhusu hiyo skima, tulikuwa tayari 2024. Google walishatangaza Agosti 2023 kwamba yale maswali ya kufunguka chini ya linki, ambayo ndiyo skima hiyo inayaleta, yatakuwa yanaonyeshwa kwa websaiti za serikali na za afya zinazoaminika tu. Mimi nauza miche. Na hata kabla ya hapo ile skima haikuwa tiketi ya kisanduku, ni vitu viwili tofauti kabisa, kisanduku kinasoma maandishi ya kawaida ambayo hata bibi yako anayaona kwenye ukurasa. Nililipa hela kwa kitu kilichokuwa kimeshazimwa.

Miezi ikapita hamna kitu. Nikafungua Search Console, ile ya bure ya Google inayokuonyesha watu wameandika maneno gani ukatokea na umetokea nafasi ya ngapi. Kwa lile swali la kuzaa nilikuwa nafasi ya saba, nane hivi. Yani ukurasa wa kwanza nipo. Na kwa ninavyoona mimi kisanduku huwa kinachukua mtu ambaye yupo ukurasa wa kwanza tayari, kwa hiyo nilikuwa mlangoni kabisa halafu mlango haufunguki. Nikaandika upya jibu mara tatu. Nikafupisha. Nikahamisha juu. Wapi.

Siku moja binti wa dada yangu, yupo chuo hapa Dodoma, alikuja kunisaidia kufunga miche kwenye viroba. Nikamwambia hebu sachi kwenye simu yako, maana simu yangu inanizoea, inaniletea websaiti yangu juu hata kama kwa watu wengine ipo chini (wewe pia usijipime kwa simu yako). Akasachi, akashusha, akaniita: "Mama mdogo, mbona yako haina maneno chini?" Nikaangalia. Kila linki ina kichwa halafu chini mistari miwili mitatu ya maelezo. Ya kwangu ina kichwa tu. Imekauka. Tukashusha kurasa zote, tukasachi maneno mengine, popote nilipotokea ni kichwa kitupu, kama duka lina bango halafu mlango umepigiliwa mbao.

Niliacha viroba pale pale. Nikakaa na simu mpaka usiku, nasoma maelezo ya Google wenyewe kwa Kiingereza changu cha sekondari, neno kwa neno, na binti anatafsiri pale ninapokwama. Ndio tukaikuta. Kuna amri moja ndogo inaitwa nosnippet, ikiwekwa kwenye ukurasa inaiambia Google usionyeshe kipande chochote cha maandishi yangu. Chochote. Si maelezo ya chini ya linki, si kisanduku cha juu. Tukaingia kwenye setingi za plagini, ile programu ndogo aliyoiweka fundi kwenye websaiti, na kweli, kuna tiki imewekwa kwa kurasa zote. Huo ndio ulikuwa ulinzi dhidi ya wezi. Miezi yote ile nilikuwa nabembeleza Google ichukue maneno yangu huku websaiti yangu yenyewe inaiambia usiguse! Na nilimlipa mtu aiweke.

Niliitoa ile tiki saa tano usiku. Ipo pia nyingine inaitwa max-snippet, hiyo inaweka kikomo cha herufi, ikiwa ndogo sana jibu lako halitoshi, kwa hiyo kagua zote mbili kabla hujaandika hata sentensi moja. Ningejua hilo mwanzoni ningeokoa mwaka.

Baada ya siku kama tisa hivi maelezo ya chini ya linki yakarudi. Kisanduku bado. Hapo sasa ndio ilikuwa kazi ya kuandika, na hapa najisifu kwa sababu hamna mtu alinifundisha.

Nilichukua daftari la kaunta nikaanza kuandika kila swali la simu vile vile linavyotamkwa, sikulisafisha. Nikapitia na meseji za WhatsApp za mwaka mzima. Nikagundua mimi naandika "miche" wao wanauliza "mbegu za zabibu", ingawa hamna mtu anapanda mbegu. Mimi nimeandika "kupogolea" kama vitabu, wao wote wanasema "kupruni". Mimi nimeandika "kipindi cha ukuaji hadi uzalishaji", mtu wa Kongwa anauliza "zabibu inachukua muda gani kuzaa". Search Console ikathibitisha, maneno ya daftari na maneno ya kwenye dashibodi yanafanana karibu yote. Basi nikachukua swali kama lilivyo nikaliweka kichwa kidogo, na jibu likaja sentensi inayofuata hapo hapo, historia ya zao nikaitupa chini kabisa.

Jibu nililipima kwa pumzi. Nalisoma kwa sauti, likinikata pumzi ni refu. Ilikuja kama maneno arobaini na kitu hadi hamsini. Na jambo lingine ambalo lilinichukua muda kuling'amua, lile jibu litakatwa liende kukaa peke yake kule juu, kwa hiyo ukiandika "zao hili" au "kama tulivyosema" au "sisi hapa kwetu" msomaji hajui unaongelea nini. Taja kitu kwa jina lake. Baba mdogo alinipa maelezo, mimi nikayapanga, likatoka hivi:

"Zabibu ikipandwa Dodoma kwa kipando chenye mizizi huanza kuzaa baada ya mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu, ikipata maji, mbolea na kupruniwa vizuri. Baada ya hapo huvunwa mara 2 kwa mwaka, kwa sababu Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupruni."

Hilo tu. Nikaingia Search Console nikaomba ukurasa usomwe upya. Wiki ya tatu, binti kanitumia skrini shoti bila neno lolote. Niko juu. Ile miaka 3 imeondoka.

Halafu kesho yake nikaingiwa na hofu kubwa, nimeshuka ukurasa wote siioni linki yangu ile ya kawaida. Nikajua nimefutwa. Kumbe tangu Januari 2020 ndio utaratibu, ukishachukua kisanduku hawakurudii tena chini kwenye ukurasa ule ule wa kwanza. Kwa hiyo ukiona hivyo tulia.

Ila kuna jambo ambalo watu hawasemi. Nilionekana mara nyingi sana lakini wanaobofya hawakuongezeka sawasawa, kwa sababu mtu keshajibiwa pale juu anaingia kwangu kufanya nini? Kuna mtu akanishauri nifiche jibu, niandike nusu. Nilikataa na bado nakataa, mkulima kauliza swali apewe jibu lake kamili. Nilichofanya ni kuongeza kichwa kidogo kinachofuata chenye swali ambalo lazima limjie mtu baada ya lile la kwanza: nipruni mwezi gani ili nivune wakati bei ni nzuri? Jibu lake ni jedwali, kwa sababu toka upruni mpaka uvune ni kama miezi minne, na hapa tunavuna karibu na Machi halafu tena Agosti na Septemba, mtu anataka kuona miezi imepangwa.

Jedwali la kwanza nililichora kwenye simu kwa rangi nzuri za zambarau nikalipandisha kama picha. Lilipendeza kweli, WhatsApp lilisambazwa mpaka likanirudia mwenyewe. Kwenye kisanduku halikuingia ng'o, kwa sababu kinachookotwa pale ni maandishi, picha haina safu wala mstari. Nikalipanga upya kama jedwali la kweli ndani ya ukurasa, safu mbili, kupruni na kuvuna, bila rangi. Hilo nalo limepanda, siku zingine linatoka siku zingine linarudi, hivyo vitu havikai palepale na sijali sana.

Wateja wa simu sasa hawaniulizi tena inachukua muda gani, wanaanza moja kwa moja na idadi ya miche. Mwezi uliopita nimepeleka mizigo stendi ya Nanenane mara nyingi kuliko msimu wote uliopita. Yule kijana wa Hombolo naye nilimtumia linki, kaniambia kaandaa nusu eka.

Swali linalofuata kwenye daftari ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani, limeulizwa mara kumi na saba na jibu lililopo juu sasa hivi halitaji hata dawa ya salfa. Baba mdogo kasema nije Jumamosi simu ikiwa na chaji ya kutosha nimrekodi, ubwiri unga unaelezwa jani likiwa mkononi.