Siku yangu na wagonjwa wanaopaliwa, Chake Chake

Saa 1:30 asubuhi. Namkuta bi mkubwa aliyepata kiharusi kalazwa chali, bintiye kashika kikombe cha maji. "Ngoja mwanangu, tumkalishe kwanza." Tunamweka wima, mito ubavuni. Wengi hudhani maji ndiyo mepesi kwa mgonjwa. Sivyo. Maji hukimbia, na koo lililolegea haliwahi kufunga njia ya hewa, akapaliwa. Uji mzito hushuka taratibu.

Saa 3:00. Mazoezi, kwa mate tu. Namwekea kidole chake mwenyewe kwenye kikoromeo. "Meza, bi mkubwa." Kinapanda, kinashuka. "Sasa kikipanda, kaza koo, kizuie huko huko juu." Kinamponyoka. Anapumzika, tunarudia, kinamponyoka tena. Halafu kinakaa! Nahesabu moja, mbili, na bintiye anapaza sauti, "Mashaallah!" Kisha namwambia aibane ncha ya ulimi kwa meno ya mbele, ameze mate hivyo hivyo. Zoezi hili lisifanywe kamwe na chakula kinywani.

Saa 5:00. Mzee mmoja, mvuvi wa Wesha. Yeye yuko kwenye zoezi la daktari Reza Shaker wa Marekani: alale chali bila mto, anyanyue kichwa atazame vidole vya miguu, mabega yasibanduke kitandani. Dakika moja, apumzike dakika moja, mara 3. Kisha anyanyue na kushusha mara 30. Misuli ya chini ya kidevu ikipata nguvu, hukivuta kikoromeo juu na mbele, mlango wa umio, njia ya chakula, ukafunguka. Mwenye maradhi ya shingo hapewi. Huyo hubana taulo lililokunjwa chini ya kidevu.

Saa 7:00. Swala, chakula.

Saa 9:30. Nyumbani kwa mgonjwa aliyeruhusiwa. Anautamani urojo, na namhurumia, lakini mchuzi mwepesi wenye vipande vya bajia na viazi ndio mtihani mkubwa kwa koo lake. Boko boko laini, ngano na nyama zilizopondwa, anaweza. Naangalia shavu la upande uliopooza: wali wa mchana bado umo. Mkewe namsisitizia mswaki kila baada ya kula, maana uchafu wa kinywa ukiteremka na mate mapafuni huleta nimonia. Tena wapo wanaopaliwa bila kukohoa. Asikilize sauti, ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, asimamishe chakula.

Saa 11:00. Nakabidhi zamu. Kwenye faili la bi mkubwa naandika: uji mzito, kijiko kidogo, asilazwe mpaka nusu saa ipite.