Uria alibeba barua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 2 Samweli 11, na leo naomba tumwache Daudi kidogo. Habari za darini na za kuoga tumeshahubiriwa sana. Tumtazame Uria, askari wa Mfalme Daudi na mume wa Bathsheba, mwanamke ambaye mfalme alimchukua.

Alikuwa Mhiti, si mtu wa kabila la mfalme. Hata hivyo, alipoitwa kutoka vitani alikataa kwenda kulala kwake ilhali wenzake wako kambini. Mwisho Daudi akamkabidhi barua ampelekee Yoabu, jemadari wa jeshi. Hukumu ya kifo chake ilikuwa humo, naye akaibeba mkononi mwake mwenyewe mpaka vitani.

Sura hii imenikumbusha Waarmenia, taifa la Wakristo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, vijana wao waliandikishwa jeshini na Dola ya Osmani, yaani ya Waturuki, wakavaa sare yake na kupigana chini ya bendera yake. Februari 1915 waziri wa vita, Enver Pasha, akaamuru wanyang'anywe bunduki. Wakapewa sururu na mizigo. Wengi waliuawa na jeshi lilelile walilolichongea barabara, huku nyumbani mauaji ya kimbari yakiwamaliza wazazi na wake zao.

Mwaka huohuo wanavijiji wa Kiarmenia wa Musa Dagh, yaani Mlima wa Musa, kando ya Bahari ya Mediterania, waligoma kuhamishwa. Walipanda mlimani na silaha chache, wakatundika upande wa baharini kitambaa kikubwa cheupe chenye msalaba mwekundu. Manowari ya Kifaransa ikauona. Watu zaidi ya 4,000 wakavushwa hadi Port Said, Misri, wakaishi kwenye mahema.

Kambini humo Ufaransa ilipata wanajeshi wa mwanzo wa Kikosi cha Mashariki, kilichoundwa Novemba 1916 na kufunzwa Kipro (ndiyo, kwa kina Barnaba). Waarmenia wengine walikata bahari kutoka Marekani kuja kujiunga. Walichotarajia ni Kilikia, nchi ya Paulo wa Tarso, kusini mwa Uturuki ya leo: warudi kwao, wajitawale. Tarehe 19 Septemba 1918 walipigana na Waturuki huko Arara, Palestina, wakashinda. Kilikia nako walifika. Lakini mwaka 1920 kikosi kikavunjwa, na Oktoba 1921 Ufaransa ikapatana na Waturuki, ikaondoka. Familia zilizokuwa zimeanza kuezeka upya zikafunga tena virago.

Sisemi Ufaransa ndiyo Daudi. Na mtu akiniuliza Mungu alikuwa wapi, sina jibu la haraka la kumpa.

Ninachokiona ni jinsi Maandiko yanavyokataa kumsahau Uria. Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu, angeweza kumtaja Bathsheba kwa jina. Anaandika "mke wa Uria". Vizazi vingi vimepita, ufalme wenyewe umeshaanguka, na bado mgeni yule yumo katikati ya ukoo wa mfalme aliyemuua.

Waliokufa Arara walizikwa kulekule. Baadaye mifupa yao ilihamishiwa Yerusalemu, kwenye makaburi ya Waarmenia juu ya Mlima Sayuni, jirani na pale wageni wanapoonyeshwa kaburi la Daudi.

Jumapili tutasoma pia sura ya 23, orodha ya mashujaa. Namwomba msomaji asiruke majina, hata yakimgonga ulimi. La mwisho kabisa, kabla ya hesabu ya watu thelathini na saba, ni Uria, Mhiti.