Suti ya Tisa Desemba

Juzi baada ya mvua, daladala ilisimama kwenye daraja pale Mabatini na harufu ya matope ya mto Mirongo ikapanda mpaka dirishani. Abiria wakabana pua. Mimi nikamkumbuka yule mzee wa suti.

Ilikuwa 2015. Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba, na hata hatujazoea kumwita Rais, akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba. Hakuna gwaride, hakuna halaiki. Fedha ziende kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco kule Dar es Salaam, na wananchi nchi nzima washike mafagio. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu, kwa hiyo hakuna aliyebisha kwa sauti. Chinichini walibisha: barabara ya Dar inatuhusu nini sisi wa Mwanza?

Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba, na asubuhi ya Jumatano hiyo tukateremka mtoni. Wenye gambuti wakaingia majini, sisi wengine tukabaki kingoni na mareki. Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila tulichoutupia njiani. Tulitoa mifuko ya rambo (marufuku yake ilikuja Juni 2019), nepi, matairi, hadi kichwa cha cherehani. Redio ya mtu ikatangaza kwamba Rais mwenyewe anafagia Feri, karibu na Ikulu. Vijana wakashangilia.

Hapo mzee akatokea. Suti ya kijivu, tai, viatu vimepigwa kiwi, kibendera cha taifa kifuani. Mtaa mzima ulijua: kila tarehe 9 Desemba alivaa hivyo, akakaa mbele ya televisheni ya mwenye duka tangu asubuhi, na mizinga 21 ikianza kulia anasimama wima. Tukadhani habari hazijamfikia.

"Mwangaluka, babu," balozi akamsalimia. "Mwaka huu hakuna gwaride."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja huku."

Akavua koti. Akaanza kutafuta mahali pasafi pa kulitundika, na kingoni pale hapakuwa na mahali pasafi. Aliutazama mti, akauacha. Akaligusa toroli kwa kidole, akakitazama kidole. Sote tulikuwa tumesimama na taka mikononi tukimwangalia anavyotafuta. Mwisho akamwendea binti mdogo, wa darasa la tatu hivi, aliyekuwa kando na fagio la chelewa lililomzidi kimo. Akampa koti, akamwambia alishike kwa mikono miwili na asikae chini. Binti akadondosha fagio, akanyoosha mikono kama anayepokea kichanga, na akabaki hivyo asubuhi nzima. Mzee akakunja suruali, akachukua reki yangu bila kuniomba, akawa anavuta uchafu taratibu na kuupanga kwa mstari ulionyooka.

Mtu mmoja akamwambia apumzike. Akajibu bila kuinua uso: "Mwaka wa sitini na moja nilikesha nikingoja bendera ipande. Leo nipumzike kwa lipi?"

Kama ile ilikuwa hasira au fahari, sikujua, na hadi leo sijui.

Saa nne tukamaliza. Marundo yakabaki kingoni yakingoja gari la taka. Gari halikuja, mvua ikawahi.

Baadaye usafi ukawa wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka hayafunguliwi mpaka saa nne, na wengi wetu tukajifunza kulala mpaka saa nne. Kufuta sherehe nako kukazoeleka: 2020 tena, kisha 2022 chini ya Rais Samia, fedha zikaenda kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sipingi, bweni ni bweni. Ila kila nikisikia tangazo la namna hiyo huwa najiuliza ni wangapi walishapiga pasi suti.

2019 gwaride lenyewe likaja Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Mzee akaenda, suti ileile. Jioni nikamuuliza lilikuwaje. Akasema watu walikuwa wengi mno, mbele yake alisimama jamaa mrefu, mizinga ameisikia tu. Kisha akaanza kulalamikia chupa za maji zilizotupwa kwenye njia ya kutokea, na hilo la chupa alilisema mpaka nikaaga.