Jua Likifichwa Juu ya Kibosho

Mwezi wa Julai uliopita nilikaa wiki mbili nyumbani Kibosho, na katika siku zote hizo sikukiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hata mara moja. Wingu zito lilitanda juu ya migomba tangu alfajiri hadi jioni, kama ilivyo kawaida ya majira ya baridi upande huu wa mlima. Mama alikuwa ameanika kahawa, iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Kila alipopita aliigeuza kwa viganja, akachukua punje moja, akaiuma. Punje iliyokauka hulia kati ya meno, lakini zile bado zilikuwa zikibonyea.

“Leo siku ya tisa, mwanangu, na bado laini,” aliniambia. “Ikiota ukungu nitaipeleka wapi?”

Nimekuwa nikisoma habari za asteroidi, yaani mawe makubwa yanayolizunguka jua, kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba ni swali hilo la Mama lililonionyesha mahali hasa penye hatari. Wengi wetu tukisikia kwamba jiwe kutoka angani laweza kuigonga dunia, huwaza kishindo, moto na mawimbi ya bahari. Hayo ni ya kweli, ila humpata aliye karibu. Kwa mkulima wa Kilimanjaro, aliye mbali na mahali pa mgongano, balaa huja kimyakimya, kwa njia ya vumbi linalopanda juu kupita mawingu, mahali ambapo hakuna mvua ya kuliosha, likabaki huko miaka likilizuia jua.

Ndivyo ilivyokuwa miaka milioni 66 iliyopita, asteroidi yenye upana wa kilomita 10 hivi ilipoanguka katika rasi ya Yucatán nchini Meksiko na kuchimba shimo la Chicxulub, lenye upana wa kilomita 180 hivi. Miamba ya mahali pale ilikuwa na salfa nyingi. Salfa hiyo ilipanda angani pamoja na vumbi na masizi ya misitu iliyoungua, dunia ikaingia gizani na baridini, mimea ikashindwa kutengeneza chakula chake, na takriban robo tatu ya aina zote za viumbe zikatoweka. Dinosaria walio mbali na shimo lile waliuawa zaidi na njaa na baridi kuliko na jiwe lenyewe.

Jiwe kubwa kiasi kile ni nadra mno, na wanaastronomia hawaoni lolote la namna hiyo linaloelekea kwetu. Linalonishughulisha zaidi ni jiwe la wastani, kama Bennu, lenye upana wa karibu nusu kilomita, ambalo limekadiriwa kuwa na nafasi moja kati ya 2,700 ya kuigonga dunia Septemba 2182. Mwaka 2025 Lan Dai na Axel Timmermann, watafiti wa Busan, Korea Kusini, walichapisha hesabu walizofanya kwa kompyuta kubwa kuhusu mgongano wa jiwe la ukubwa huo. Likirusha angani tani milioni 400 za vumbi, wastani wa joto la dunia ungeshuka kwa nyuzi 4 hivi, mvua ingepungua kwa asilimia 15, tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua, lingeharibika vibaya, na usanisinuru, yaani kazi ya mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ungepungua kwa asilimia 20 hadi 30. Hali hiyo ingedumu miaka mitatu hadi minne. Ajabu ni kwamba vijimea vidogo vya baharini vingejirudia ndani ya miezi sita, na baadaye kuongezeka kuliko kawaida, kwa sababu vumbi lile lingevirutubisha kwa madini ya chuma.

Nyuzi 4 zaweza kuonekana kidogo, kwa hiyo nilizipima kwa mlima wetu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kushuka kwa nyuzi 4 ni kama kukinyanyua kijiji chetu, kilichoko mita 1,400 hivi, na kukipandisha hadi mita 2,000 na zaidi, ndani ya msitu wa hifadhi, ambako hakuna anayepanda kahawa wala ndizi. Hesabu yangu ni ya kijijini tu, kwani baridi hiyo isingegawanyika sawasawa duniani, lakini inanitosha kuelewa. Mahindi ya Mama kutoka shamba la tambarare hutosha mpaka mavuno yanayofuata, na ndizi hazihifadhiki ghalani. Kwa hiyo napozungumza na jamaa kuhusu asteroidi, nazungumza zaidi kuhusu maghala kuliko kuhusu roketi.

Roketi nazo nazithamini kwa dhati. Tarehe 26 Septemba 2022 Marekani ilikigongesha chombo cha DART kwenye Dimorphos, kijiwe kinachoizunguka asteroidi nyingine, na muda wake wa kuzunguka, uliokuwa karibu saa 12, ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Jiwe, basi, laweza kusukumwa, mradi lionekane mapema. Lile la Chelyabinsk, Urusi, lenye upana wa mita 20 hivi, halikuonwa na mtu kabla ya kupasuka angani tarehe 15 Februari 2013, na watu wapatao 1,500 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha.

Nyumbani huulizwa kama Ngorongoro ni shimo la jiwe la namna hiyo. Hapana, ni volkano iliyobomoka na kudidimia. Mgeni wetu halisi kutoka angani ni kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, bonge la chuma la tani zipatazo 16.

Mwingine atapita bila kutua. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, Apophis, yenye upana wa mita zaidi ya 300, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka usoni pa dunia, chini ya mzingo wa setilaiti nyingi za mawasiliano. Ilipogunduliwa mwaka 2004 ilitia hofu. Sasa vipimo vimeondoa hatari hiyo kwa miaka 100 ijayo, na sisi wa Afrika tumo miongoni mwa watakaoweza kuiona kwa macho matupu. Lakini Aprili ni masika, na wingu la Kibosho nalijua. Nimekwisha kumwambia Mama kwamba siku hiyo tutashuka Kahe, kule tambarare, mapema, kabla giza halijaingia, na yeye ameuliza tu kama kutakuwa na mahali pa kukaa.